Likelemba ya Watu Watano na Simu ya Sita

Kati ya Dzaleka na Lilongwe hakuna swali linaloulizwa zaidi kuliko hili: "Umefika wapi?" Anaulizwa aliyetoka kambini alfajiri kufuata mzigo, anaulizwa aliye dukani Mchesi, mtaa wa Lilongwe, huku watoto wakimngoja, anaulizwa ndugu aliyempeleka mgonjwa hospitali ya mjini. Dzaleka ni kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa, Malawi, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, na safari yenyewe ni ya vipandevipande: minibasi kwenye barabara kuu, kushuka njia panda ya Dowa, kisha kutafuta gari jingine au kabaza, baiskeli ya kubeba abiria. Kwenye kila kipande mtu anaweza kukwama. Simu zilipoleta uwezo wa kumwonyesha mwenzako mahali ulipo kwenye ramani, bila kupiga wala kuandika, watu wa huku waliupokea kwa mikono miwili, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Kisa nitakachosimulia nimekitunga. Sikumpa mtu yeyote jina, ili msomaji asianze kutafuta fulani ni nani. Lakini mahali ni pa kweli, sheria ni za kweli, na simu zinafanya kazi hivyohivyo nitakavyoeleza.

Watu watano walikuwa na likelemba. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja alitoa kiasi kilekile cha kwacha, na fedha zote akachukua mwenye zamu. Mmoja alikuwa mama kutoka Uvira, muuza vitenge Mchesi, aliyekodi chumba nyuma ya duka. Wa pili alikuwa mdogo wake, aliyebaki kambini akilea watoto wa wote wawili. Wa tatu fundi cherehani, Mrundi, mtu mzima mwenye maneno machache. Wa nne kijana wa pikipiki, aliyekuwa akibeba mizigo na abiria kati ya kambi na mji. Wa tano alikuwa mwanafunzi, mmoja wa wale wanaosoma masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti, masomo ambayo Wajesuiti waliyafikisha Dzaleka mwaka 2010.

Mwanafunzi ndiye aliyekuwa mwandishi wao. Daftari la likelemba lilipolowa mvua, akaamua kulihamishia kwenye kalenda ya Google. Alikaa kwenye kompyuta, kwa sababu ruhusa za kalenda hutolewa kwa urahisi zaidi kwenye kivinjari kuliko kwenye simu, akafungua kalenda mpya, akawaingiza wenzake wanne. Humo aliandika kila kitu: zamu ya nani, kiasi gani, fedha zitakabidhiwa wapi na saa ngapi. Kalenda inakuruhusu kuchagua mwenzako aone nini. Unaweza kumwonyesha tu kwamba saa fulani una shughuli, bila kumwambia shughuli gani. Unaweza kumwonyesha kila neno. Unaweza hata kumpa mamlaka ya kuwaalika wengine. Mwanafunzi aliwapa wote ruhusa ya kuona kila neno na kubadilisha. Aliwaamini, na walistahili kuaminiwa.

Kisha akapita simu moja baada ya nyingine, akawawashia kuonana kwenye ramani ya Google. Programu iliuliza: kwa muda gani? Saa moja, au mpaka mwenyewe utakapozima? Akachagua mpaka mwenyewe utakapozima, kwenye simu zote tano, ili asije akasumbuliwa kurudia.

Kwa miezi kadhaa ilikuwa neema tupu. Siku moja muuza vitenge alikuwa akingoja marobota yake, na kitone cha kijana wa pikipiki kilikuwa kimesimama njia panda ya Dowa kwa muda mrefu. Ramani hiyo huonyesha pia chaji ya simu ya mwenzako, na ya kijana ilikuwa imebaki asilimia nne. Mama hakumpigia, asije akaimaliza. Alimpigia mdogo wake kambini, naye akamtafuta mtu wa kabaza, akamtuma na viraka na pampu. Tairi likazibwa, mzigo ukafika jua likiwa bado juu. "Kitu hiki kimeletwa na Mungu," mama alisema, na tangu siku hiyo hakuna aliyewaza kukizima.

Halafu kioo cha simu ya fundi cherehani kikapasuka. Alinunua nyingine, na ile ya zamani akamuuzia kijana anayenunua simu chakavu mjini. Alitoa laini yake, akaitia kwenye simu mpya, moyo ukatulia. Kwake yeye, kama kwa wengi wetu, simu ni laini: namba iko pale, pesa za Airtel Money au Mpamba ziko pale, basi na mengine yote yatakuwa pale. Mnunuzi alimwomba aondoe mchoro wa kufungulia, ajaribu kama kioo bado kinaitika. Fundi akauondoa. Wakapeana mkono, wakaagana.

Laini ilitoka, akaunti ikabaki. Kalenda na ramani haviishi kwenye laini, viko kwenye akaunti, na akaunti hiyo ilikuwa bado imefunguliwa ndani ya simu iliyouzwa. Kioo kikabadilishwa, simu ikapita mikono miwili mitatu, ikatiwa bando la mtu mwingine. Ilipopata intaneti tu, ilijivutia kalenda ya likelemba yote, mpaka neno la mwisho lililoandikwa jana yake. Na kwenye ramani zikajitokeza sura nne, kila moja na jina lake, kila moja mahali pake. Simu haikuiba kitu wala haikuvunja kufuli lolote. Ilifanya kile ambacho fundi mwenyewe aliiamuru siku ile alipokubali. Ikaendelea hivyo mpaka ikaangukia mkononi mwa mtu aliyeelewa anachokitazama.

Mwezi uliofuata ulikuwa wa Tumaini, lile tamasha linalofanyika Dzaleka tangu 2014, ambalo huleta kambini wanamuziki, wacheza ngoma na wageni kutoka Lilongwe na nchi za mbali. Hakuna mtu wa kambi anayependa kulikosa. Mwanafunzi aliandika kwenye kalenda: "Ijumaa saa nane mchana, fedha zote kwa mama wa Mchesi, ni zamu yake. Ijumaa jioni mpaka Jumapili wote Tumaini, tunalala kambini." Aliandika kwa furaha, kama mtu anayewaandalia wenzake sherehe.

Fedha zilifika Ijumaa mchana. Mama alizifungia kwenye sanduku chini ya marobota, akafunga duka, akapanda gari kwenda kambini. Jumapili aliporudi alikuta kufuli la mbele liko salama. Dirisha la nyuma lilikuwa limeng'olewa kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Sanduku halikuwepo, marobota mawili hayakuwepo, na jirani hakusikia kitu.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atauliza: kwa nini hakwenda polisi? Jibu liko kwenye sheria. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake, likiwemo la kutojifunga kumpa mkimbizi uhuru wa kutembea na kuchagua mahali pa kuishi. Sheria ya wakimbizi ilitungwa 1989, na Dzaleka, ambayo zamani za Rais Kamuzu Banda ilikuwa gereza, ikafunguliwa kuwa kambi mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi au elfu kumi na mbili. Leo wamo zaidi ya 50,000. Miaka mingi serikali ilifumbia macho waliotoka kutafuta riziki mjini. Kisha mwezi wa tatu 2023 ikatoa amri: wote waliokuwa wakiishi nje warudi kambini kufikia katikati ya Aprili. Mwezi wa tano polisi na wanajeshi wakaingia mitaa ya Lilongwe, wakakamata mamia ya watu, watoto wakiwemo. Wengi walipitishwa gereza la Maula kabla ya kupelekwa Dzaleka, na maduka yao nyuma yakabaki bila mwenyewe.

Kwa mtu wa namna hiyo, kutaja anwani yake mbele ya askari ni kutaja kosa lake. Mama hakuwa na kibali cha kulala Mchesi. Akienda kushtaki wizi, swali la kwanza litakuwa: wewe ulikuwa unaishi hapo kwa karatasi gani? Akanyamaza. Na mtu aliyeibiwa asipokuwa na mahali pa kupeleka lalamiko lake, hulipeleka kwa watu wake mwenyewe.

Waliojua zamu ni ya nani, na kwamba chumba kitakuwa kitupu, walikuwa watano. Mdogo wake mama akakumbuka kwamba Jumamosi aliamka mapema, akafungua ramani, akaona kitone cha kijana wa pikipiki kiko Mchesi wakati wengine wote wako kambini. Wakamwita.

"Kaka, tulikuona."

"Mliniona wapi?"

"Kwenye simu. Saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi, ulikuwa Mchesi."

"Mama, nilimpeleka abiria wa basi la asubuhi. Nilipita Mchesi kama ninavyopita kila siku."

"Kila siku unapita na mzigo wangu. Siku ile ulipita na wa nani?"

Kijana hakujibu tena. Alitoa simu, akazima ramani mbele yao, akatoka. Likelemba ikafa wiki hiyohiyo. Watoto wa nyumba moja wakakatazwa kucheza na watoto wa nyumba ya pili. Kijana akaanza kukosa mizigo, kwa sababu kambini neno halihitaji intaneti ili lisambae.

Sehemu hii ndiyo inayoniuma kuliko fedha zilizopotea. Kitone kwenye ramani kinasema simu iko wapi. Hakisemi mwenye simu anafanya nini, amefuata nini, amemchukua nani. Pengine hata mahali penyewe hakipatii: mtandao ukikatika, ramani hubaki na pale mtu alipoonekana mwisho, na aliye mbali anaweza kudhani mwenzake bado yupo. Lakini macho ya mtu aliyeumia hayasomi hivyo. Yanaona kitone, yanajaza hadithi, na hadithi hiyo inapewa uzito wa ushahidi kwa kuwa imetoka kwenye mashine.

Ukweli ulijulikana kwa bahati. Wiki kadhaa baadaye fundi cherehani alimwendea mwanafunzi, kwa sababu simu yake mpya ilikuwa inamsumbua upande wa barua pepe. Mwanafunzi akafungua mipangilio ya akaunti, akafika kwenye ukurasa unaoorodhesha vifaa vyote ambamo akaunti imefunguliwa. Viwili. Simu mpya, na nyingine, imetumika leo, Lilongwe.

"Hii nyingine ni ipi, baba?"

"Ah, hiyo niliiuza zamani."

Mwanafunzi alinyamaza kidogo, kisha akabonyeza kitufe cha kuiondoa. Haikuchukua hata dakika.

Habari hiyo ilipomfikia, mama wa vitenge alikwenda kuomba radhi nyumbani kwa kijana wa pikipiki, akiwa na wazee wawili na fundi mwenyewe. Kijana aliwapa viti, mama yake akaleta chai. Alisikiliza yote, akasema amesamehe, na nadhani alisamehe kweli. Lakini walipomwomba arudi kwenye likelemba alikataa kwa adabu.

Watu wengi wakisikia kisa cha namna hii husema: basi tusiwashe kabisa. Mimi sikubaliani nao. Mwanamke anayesafiri usiku kutoka mjini ana haki ya kuwa na mtu anayefuatilia njia yake. Kilichowaponza hawa ni kuelewa vibaya wanampa nani. Walidhani wanapeana wao kwa wao, watu watano wanaojuana kwa sura na kwa ukoo. Kumbe kila mmoja alikuwa anazipa akaunti nne, na akaunti haina sura. Inafunguka popote ilipoachwa wazi: kwenye kompyuta ya duka la kuchapia ulikokwenda kuchapa fomu, kwenye simu ya zamani waliyopewa watoto wachezee, kwenye simu ya mchumba mliyeachana. Ramani ya mahali na kalenda havifungwi kwenye simu moja. Vinaonekana vilevile kwenye kompyuta yoyote ambayo rafiki yako ameingia na kusahau kutoka. Unaweza kuilinda simu yako kama mboni ya jicho, na siri yako ikatoka kwenye simu ya mwingine.

Na kalenda, ambayo hakuna anayeiogopa, naiona ina hatari kuliko ramani. Ramani inasema uko wapi sasa. Kalenda inasema kesho hutakuwepo, na ni saa ngapi utarudi. Mwizi hahitaji zaidi ya hapo, na askari wa msako hali kadhalika.

Wala si wakimbizi peke yao wanaonaswa. Mwezi wa kumi na moja 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya watu wanaopima mbio zao, ilichapisha ramani ya dunia inayoonyesha njia zote ambazo wateja wake walikimbia. Majina hayakuwemo, ikaonekana haina madhara. Mwezi wa kwanza 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, alitambua kwamba katika nchi ambako wenyeji wengi hawatumii programu hiyo, mistari iliyong'aa jangwani ilikuwa inachora uzio wa kambi za kijeshi. Kambi ya Wamarekani pale Djibouti ilikuwa miongoni mwa zilizoonekana. Wanajeshi wenye mafunzo yote ya kutunza siri walijichora wenyewe kwa kukimbia asubuhi, kwa sababu siku moja walikubali na hawakurudi kuangalia walichokubali.

Ruhusa ya mahali basi iwe na mwisho wake tangu inapotolewa. WhatsApp, ambayo karibu kila mtu anayo, inakupa dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha inajizima yenyewe, na saa 8 zinatosha kwenda Lilongwe na kurudi kwa siku nyingi za kawaida. Iwashe unapopanda gari, mpe mtu mmoja anayekungoja. Ile ya kudumu mpaka uizime waachie mke na mume waliokubaliana, au mzazi na mtoto mdogo, nao waikague. Google hutuma barua pepe mara kwa mara kukukumbusha ni nani bado anakuona. Wengi wetu barua pepe tuliifungua siku ya kununua simu na hatukuisoma tena, kwa hiyo ukumbusho huo unatufikia bila kutufikia. Fungua ramani yenyewe, tafuta sehemu ya kushiriki mahali, soma majina yaliyomo. Utamkuta mtu uliyemsahau.

Kwenye kalenda ya kikundi andika kidogo. "Zamu" na tarehe vinatosha. Kiasi, nyumba na nani hatakuwepo vinaweza kusemwa kwa mdomo. Ikiwa kazi inadai maelezo marefu, weka kalenda mbili, moja ya maelezo kwa wachache wanaohusika, nyingine ya wote inayoonyesha saa tu. Na kiungo cha siri cha kalenda usikirushe kwenye kundi la WhatsApp, kwa maana yeyote anayekipata anasoma kila kitu bila kuombwa neno la siri.

Yupo pia asiye na nafasi ya kukataa. Najua nyumba ambamo mume anadai kitone cha mke kisizimike hata dakika, na akiona kimesimama mahali pasipo soko wala kisima, jioni kuna kelele. Watu huita hiyo mapenzi. Anayefanyiwa hivyo asizime ghafla akiwa peke yake naye. Kwanza azungumze na mtu anayemwamini, mama mkubwa, mzee wa mtaa, au wafanyakazi wa ulinzi walioko kambini, kwa sababu kuzima kwa ghafla kunaweza kuleta kipigo. Kwenye hili ushauri wa simu hautoshi.

Nasaha nyingi za mambo haya humlenga yule anayetoa siri yake. Mimi naomba zimlenge zaidi anayepewa, kwa kuwa kwenye kisa hiki muuza vitenge hakukosea kwenye simu yake mwenyewe. Ukikubali kuona mahali alipo rafiki yako, umechukua kitu chake mkononi, na siku unapouza simu unakwenda nacho sokoni. Kwa hiyo kabla mnunuzi hajaigusa, ingia kwenye mipangilio, ondoa akaunti zako moja baada ya nyingine, kisha ifute simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwa kioo kimekufa na huwezi kubonyeza kitu, tumia simu nyingine, ingia kwenye akaunti yako, nenda kwenye orodha ya vifaa, itoe ile mbovu. Ikiwa iliibiwa, fanya hivyohivyo siku hiyohiyo, badilisha na neno la siri, na uwaambie wote unaowaona kwenye ramani, ili nao wakufute mpaka utengemae. Kazi hiyo ya kusafisha simu kabla ya kuiuza inachukua kama robo saa na chaji kidogo. Mnunuzi akiwa na haraka, angoje.